Usinunue hilo sanduku la mawe, mimi nilishapigwa

Mleta uzi, umeuliza mambo matatu: mtoto wako wa miaka 5 aanze na mawe au udongo, majina umfundishe kwa Kiswahili au Kiingereza, na kama lile sanduku la sampuli 24 kwa 185,000 lina faida. Nilipofika kwenye sanduku nikaacha chapati inaungua. Usinunue. Kama hela umeshatuma, mpigie huyo muuzaji sasa hivi.

Mimi nilinunua la hivyo hivyo miaka mitatu iliyopita, kwa mjasiriamali mmoja wa mtandaoni ambaye mpaka leo akiona namba yangu hapokei. Sanduku zuri jamani! La mbao, ndani kitambaa laini chekundu, kila jiwe na kijumba chake na lebo ya dhahabu. Wanangu wakati huo wana miaka 4 na 6.

Sasa kitu cha 185,000 unakiweka wapi? Juu ya kabati. Kinashushwa Jumamosi baada ya chai. Naweni mikono, kaeni mkekani, asiguse mtu mpaka mama aseme. Kuna kundi la malezi nilikuwamo, kiongozi wake alishikilia kwamba mtoto akifika miaka 5 hajui makundi matatu ya miamba, huyo kachelewa. Kachelewa wapi, basi la Muheza? Lakini nilimwamini, maana alikuwa anaandika kwa herufi kubwa. Basi wanangu wakakaririshwa miamba ya moto, miamba mashapo, miamba geu. Mgeni akija nawaita, "Hebu mwambieni shangazi hili ni nini." "Mwamba geeeu!" Shangazi anapiga makofi, mimi kichwa kinavimba.

Miezi minane ya Jumamosi. Akaja mjomba wao, anafanya kazi migodini huko Geita. Tumekaa barazani, akaokota kokoto pale uani tulipokuwa tunajenga uzio, akamuuliza yule mdogo, "Anko, hili jiwe gani?" Mtoto akamwangalia kwa huruma kabisa. "Mjomba, hilo si jiwe. Mawe yako kwenye sanduku."

Mjomba alicheka mpaka akashika nguzo. Mimi nikajifanya nakwenda kuangalia wali.

Akaomba aone hayo mawe yenyewe. Ningekuwa na akili ningesema funguo imepotea. "Tanzanaiti" akaitazama kwa lenzi yake: vipovu vya hewa ndani. Kioo. Akanieleza kwamba tanzanaiti halisi ukiigeuza rangi inacheza, huku bluu, huku zambarau, na ya ukubwa ule hupewi pamoja na mawe mengine 23 kwa laki na themanini na tano. Jiwe la fuwele za zambarau akalitia kwenye bakuli la maji, baada ya muda maji yakawa kama juisi ya zabibu. Kile "kisukuku", yaani mabaki ya kale yaliyogeuka jiwe, cha mnyama wa baharini mwenye gamba la kujikunja kilikuwa chepesi, na ukikishika hakina ule ubaridi wa jiwe. Akapasha sindano, akakichoma kwa chini. Nyumba nzima ikanuka plastiki.

Hayo ni ya hela, na hela zinatafutwa. Lililoninyima usingizi ni kipande kimoja kizito, kinang'aa kama chuma kipya, kimekatika pembe nne pembe nne. Hicho kilikuwa halisi. Lebo imeandikwa galena. Mjomba akaniuliza polepole, "Dada, huyu mdogo bado anatia vitu mdomoni?" Galena ni mawe ya risasi, ile metali nzito, si ya bunduki. Risasi ni sumu kwa mtu yeyote, na mtoto mdogo ndiyo inamharibu zaidi, inagusa mpaka ubongo. Na mimi ndiye niliyekuwa nasema "kishike vizuri usikiangushe". Nilimpeleka hospitali, akawa salama, alhamdulillahi. Lakini yule muuzaji aliandika "salama kwa watoto wa miaka 3 na kuendelea". Ndugu yangu kama unapita humu jukwaani, unajijua.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii na sibadiliki: jiwe usinunue mpaka mtoto amekuletea mia moja ya kwake. Yale ya mfukoni, yanayotoboa kaptula. Jiwe asiloruhusiwa kuliangusha, kulilowesha wala kulipoteza, hilo ni pambo lako wewe.

Baada ya ile aibu tulikwenda kwa bibi yao Pangani. Nyumba ya zamani, ya mawe ya matumbawe na chokaa. Yule mdogo kakaa kwenye ngazi, kidole chake kinapita kwenye vijifereji vilivyojikunja kama utumbo. "Bibi, nani kachora hapa?" Bibi akamwambia hajachora mtu, hilo lilikuwa tumbawe, lilikuwa hai baharini. Visukuku vyenyewe ndivyo hivyo! Mawe hayo ya pwani yetu yana zaidi ya miaka laki moja, na mimi nilikuwa nayakalia nikimenya viazi huku nimelipia plastiki. Tukakwangua kidogo mpaka ukatoka unga, tukakamulia limau. Likatoa povu. Mtoto akaweka sikio. "Linaongea." Tukajaribu kokoto la uani, kimya. Hapo akajua mwenyewe kwamba mawe hayafanani, kabla sijafungua mdomo. Wiki ile nzima hatukupata limau la kutia kwenye samaki.

Sasa ana miaka 7, anakwaruza kila kitu: kwa ukucha, kwa sarafu, kwa msumari. Kioo cha kabati pia, kwa jiwe jeupe la barabarani, maana jiwe hilo ni kwatzi, na kwatzi inakwaruza kioo, na hilo mjomba alimwambia bila kunishirikisha.

Udongo nao uliuliza. Chupa ya maji, udongo wa bustani robo, jaza maji, tikisa, weka dirishani. Mchanga unatua palepale, mfinyanzi kesho bado unachafua maji. Mikono wanawe kwa sabuni, minyoo ipo.

Majina kwa lugha gani sijui, wangu wanayaita Chapati na Mzee Juma. Sanduku ninalo bado, naweka vifungo na sindano. Vile vijumba vinafaa sana.