Mpagazi anapangaje barabara?

SWALI: Tulifundishwa kwamba protini za kinesini na dainini ni wapagazi tu, hutembea juu ya mikrotubuli zikibeba mizigo ya seli. Sasa nasoma kwamba ndizo zinazopanga mikrotubuli zenyewe. Mpagazi ataipangaje barabara anayoikanyaga?

JIBU: Ataipanga, ikiwa mzigo alioubeba ni barabara nyingine.

Mikrotubuli ni mrija wenye upana wa nanomita 25 hivi. Tubulini, protini zinazouunda, zimeelekea upande mmoja zote, ndiyo maana mrija una ncha chanya na ncha hasi. Kinesini nyingi huenda kwenye ncha chanya, na ile ya kawaida hupiga hatua za nanomita 8, kila hatua kwa molekuli moja ya ATP, mafuta ya seli. Dainini huelekea ncha hasi.

Sasa itazame kinesini-5: ufito wenye vichwa vinne vya kutembelea, viwili huku na viwili kule. Ikikamata mirija miwili iliyolala kinyume, kila jozi ya vichwa hukimbilia ncha chanya ya mrija wake, na mirija inasukumwa itengane. Mirija ikielekea upande mmoja, jozi zote mbili huenda sako kwa bako na hakuna kinachosukumwa. Protini haina ramani ya seli. Ulalo wa mirija ndio unaoamua. Dainini, kwa upande wake, hukusanya ncha hasi pamoja na kufunga miisho ya spindo, ule mtambo wa kugawa kromosomu.

Ukitaka kuona kazi ya kinesini-5, izuie kwa kemikali iitwayo monastroli. Miisho miwili ya spindo haitengani, kromosomu huzunguka nyota moja ya mikrotubuli, na seli hukwama hapo bila kugawanyika.

SWALI: Nimechanganya mikrotubuli, kinesini na ATP kwenye maabara. Mirija inaserereka juu ya kioo, lakini haijipangi kwa umbo la nyota. Nimekosea wapi?

JIBU: Yaelekea kinesini zako zimeshikwa na kioo, kila moja peke yake. Jaribio lililofanikiwa mwaka 1997 lilizifunga kinesini zilizobandikwa biotini (vitamini ndogo) kwa streptavidini, protini inayoinasa biotini, zikawa vishada vinavyoshika mirija kadhaa kwa mpigo. Kisha angalia ATP: ikiisha, vichwa hung'ang'ania mrija na mtandao wote huganda. Tena usiweke mirija kwenye barafu kabla ya kuikaza kwa taksoli, dawa inayozuia mirija isivunjike. Tubulini huungana kwenye nyuzi 37 za Selsiasi pakiwa na GTP, molekuli ya nishati inayofanana na ATP. Kwenye baridi huachana, nawe utabaki na maji matupu chini ya hadubini.