Upasuaji wa mgongo, na miguu ya Baraka

SWALI: Daktari, kijana wangu ana miaka 5. Alizaliwa kabla ya miezi yake na ana mtindio wa ubongo. Anatembea kwa fremu, kwa ncha za vidole, miguu ikipishana kama mkasi. Sindano za kulegeza misuli zilimfaa miezi mitatu hivi, akarudi palepale. Shemeji amesikia kuna upasuaji wa mgongo unaomaliza kukakamaa, na jamaa wameanza kuchanga tumpeleke India. Atatembea? – Mama Baraka, Kayole

JIBU: Mama Baraka, hongera. Kumfikisha mtoto kwenye fremu si kazi ndogo.

Upasuaji huo upo, na mbinu ya sasa iliendelezwa hapa hapa Afrika: Dkt. Warwick Peacock, Cape Town, miaka ya 1980. Daktari hufungua mgongo kwa chini, akatenganisha neva zinazoleta hisia kutoka miguuni, akazipima kwa umeme uzi mmoja mmoja, kisha akakata zile zinazochochea misuli kupita kiasi. Zikishakatwa, haziungwi tena.

Mimi ni mtu wa tiba ya viungo, na ninachotaka kujua kwanza ni nguvu za Baraka. Mkalishe kwenye kigoda, asimame polepole, kisha akae polepole, wewe ukimshika mikono kidogo tu. Akishuka kwa kujizuia, mapaja yana nguvu. Akiporomoka, huenda ugumu huohuo ndio unaomsimamisha, na ukiondolewa atashindwa hata na fremu. Hicho ni kidokezo tu. Daktari wa neva, wa mifupa na wa viungo wamwone pamoja, na picha ya MRI ya ubongo iwepo. Kama viungo vyake hujipinda na kujinyonga vyenyewe, upasuaji huu haumfai.

Umri wake ni mzuri. Lakini kano ya kisigino iliyokwisha kufupika hairefuki kwa kukata neva. Huenda ikahitaji upasuaji wake.

Atatembea bila fremu? Siwezi kukuahidi. Anaweza kupiga hatua kwa wepesi, akavaa suruali bila vita, na kwangu hayo ni makubwa.

Kuhusu mchango: baada ya upasuaji miguu italegea, na mazoezi ya karibu kila siku yataendelea kwa miezi mingi, hapa hapa Nairobi. Kabla ya tiketi kukatwa, mwambie shemeji atenge fungu la kliniki, vifaa vya kushikilia nyayo, na nauli yenu ya matatu.