Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Pointi 32 za Draymond Green Hazikutosha?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mdogo wangu tumebishana wiki nzima juu ya karatasi ya takwimu ya mchezo wa saba wa fainali za NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, za mwaka 2016, ambao Cleveland Cavaliers waliwafunga Golden State Warriors 93 kwa 89. Draymond Green wa Warriors alifunga pointi 32, akachukua ribaundi 15 (mipira iliyorudi baada ya kukosa kikapu) na kutoa asisti 9 (pasi zilizozaa vikapu), tena alikosa mitupo minne tu kati ya 15. LeBron James wa Cavaliers alihitaji mitupo 24 ili apate vikapu 9, akamaliza na pointi 27. Zaidi ya hayo, Warriors walitia mipira 15 ya pointi tatu na wenzao 6 tu. Mdogo wangu anasema takwimu ni mapambo. Je, ni kweli? Na kwa nini tuzo ya mchezaji bora wa fainali alipewa James badala ya Green?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Mdogo wako amesoma vizuri mistari ya wachezaji, ila mchezo huu unaeleweka zaidi kwa mstari wa chini kabisa wa karatasi, ule wa jumla ya timu, na ningependa tuupigie hesabu pamoja polepole, kwa sababu ni miongoni mwa mistari iliyonifundisha mengi kuhusu mpira wa kikapu.

Tuanze na pointi tatu. Warriors walijaribu mara 41 wakafanikiwa mara 15, yaani pointi 45. Cavaliers walijaribu mara 25 wakafanikiwa mara 6, yaani pointi 18. Hapo Warriors wako mbele kwa pointi 27. Tukija kwenye mitupo ya pointi mbili, Cavaliers walitia 27 kati ya 57 wakapata pointi 54, na Warriors walitia 17 kati ya 42 wakapata 34, kwa hiyo pointi 20 za pengo lile zikarudi. Hadi hapo Warriors wana 79 na Cavaliers 72. Iliyobaki ni mitupo huru, ile ya pointi moja moja inayotolewa baada ya faulo, safu ambayo wasomaji wengi huiruka: Cavaliers walipewa 25 wakatia 21, Warriors walipewa 13 wakatia 10. Cavaliers walikuwa nyuma kwa pointi 7, wakapata 11 zaidi ya wapinzani wao kwenye mstari wa mitupo huru, na zile 4 zilizozidi ndizo zinazotenganisha 93 na 89. Tena James peke yake alitia mitupo huru 8 kati ya 10, pungufu ya mbili tu kwa ile ya timu nzima ya Warriors, naye hakuipata bure bali kwa kuingia tena na tena chini ya kikapu, mahali ambapo mabeki hulazimika kumchezea faulo.

Kuhusu Green, nasema bila kusita kwamba usiku ule katika ukumbi wa Oracle Arena, Oakland, hakuna aliyetupa mpira vizuri kuliko yeye. Alitia pointi tatu 6 kati ya 8. Lakini mwenzake Stephen Curry alitia 4 kati ya 14, na Klay Thompson 2 kati ya 10. Ukiiondoa mitupo ya Green, timu nzima iliyobaki ilitia 9 kati ya 33, na ndiyo maana pointi zake 32 zilitumika kuziba pengo la wenzake badala ya kuipeleka timu mbele.

Ama tuzo, ile hutolewa kwa fainali nzima. Katika michezo yote saba, James aliongoza wachezaji wa timu zote mbili kwa pointi, ribaundi, asisti, bloku (kuzuia mtupo wa mpinzani) na kupora mipira, jambo ambalo hakuna mchezaji aliyewahi kulifanya kabla yake katika mfululizo wa michezo ya mtoano, wakati Green aliukosa kabisa mchezo wa tano kwa kufungiwa. Mchezaji wa timu iliyoshindwa anaweza kuipata tuzo hiyo, lakini ni mmoja tu aliyewahi kuipata: Jerry West wa Los Angeles Lakers, mwaka 1969, ulipokuwa mwaka wa kwanza wa tuzo hiyo.

Yapo mambo ambayo karatasi haiyaonyeshi, na hapo mdogo wako ana hoja. Timu hizi zilifika mchezo wa saba kila moja ikiwa imefunga jumla ya pointi 610. Zilipofungana 89 kwa 89, zikiwa zimebaki dakika 4 na sekunde 39, Warriors hawakupata tena hata pointi moja. Ilipobaki chini ya dakika mbili, Andre Iguodala wa Warriors alipanda kuuweka mpira kikapuni akidhani njia ni nyeupe, na James, aliyekimbia kutoka nyuma, akaubamiza mpira ule ubaoni kabla haujaingia. Kisha, zikiwa zimebaki sekunde 53, Kyrie Irving wa Cavaliers akatupa pointi tatu mbele ya Curry ikaingia. Katika safu ya bloku, tukio lile la James limeandikwa 1, sawa na bloku yoyote ya robo ya kwanza.

SWALI: Katika mchezo huohuo naona Kevin Love wa Cavaliers ana pointi 9 tu, lakini safu ya mwisho imemwandikia +19, kubwa kuliko ya mchezaji mwingine yeyote. Namba hii hupatikanaje?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Huchukuliwa pointi zilizofungwa na timu yake wakati yeye akiwa uwanjani, zikatolewa zile walizofungwa katika muda huohuo. Kwa kuwa Cavaliers walishinda kwa 4, maana yake ni kwamba Love alipokuwa amekaa benchi walizidiwa kwa 15. Kwa mchezo mmoja namba hii huyumba sana, maana mchezaji hubeba makosa na mafanikio ya wenzake wanne, kwa hiyo mimi huitazama pamoja na nyingine, na Love alikuwa na ribaundi 14. Dakika ya mwisho alijikuta akimkaba Curry peke yake mbali na kikapu, mtu mrefu na mzito mbele ya mtu mwepesi, akamfuata kila alipogeuka hadi Curry akatupa na kukosa. Kwenye karatasi, kazi ile yote inaonekana kama mtupo mmoja uliokosa wa Curry.

SWALI: Ninafundisha mpira wa kikapu shule ya msingi na sina kifaa zaidi ya daftari na penseli. Niandike nini wakati watoto wanacheza?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Mwalimu, ukiweza jambo moja tu, andika kila mtupo, ulioingia na uliokosa. Chora nusu ya uwanja, weka namba ya jezi ya mtoto mahali alipotupia, na mpira ukiingia izungushie duara. Mitupo huru itengee safu yake pembeni. Baada ya michezo mitatu au minne utaona kwa macho yako ni nani hutupa akiwa mbali kuliko uwezo wake, na ni nani huingia chini ya kikapu lakini wenzake hawampi mpira.