Hicho kitabu cha theosofia si cha kuabudu shetani

Ndugu yangu, umeuliza kama kitabu cha theosofia (mafundisho yanayotafuta hekima ya kiroho iliyo ndani ya dini zote) ulichonunua kwenye vitabu kuukuu pale Kibuye, chenye nyoka anayejiuma mkia, ni cha waabudu shetani. La hasha! Usikichome.

Nyoka huyo ni alama ya kale ya kisicho na mwanzo wala mwisho. Tazama katikati: pembetatu mbili zimepishana, na ndani yake msalaba wenye kitanzi wa Misri ya kale. Hiyo ndiyo nembo ya chama cha wanatheosofia, na kaulimbiu yao ni kwamba hakuna dini iliyo juu ya ukweli.

Chama kilianzishwa New York mwaka 1875 na Helena Blavatsky, mzaliwa wa Milki ya Urusi, Henry Olcott na wenzao. Baadaye makao yakahamia Adyar, India. Walifundisha kwamba dini zote zina chemchemi moja, wakachota sana kwa Wahindu na Wabuddha.

Kinachonigusa mimi ni hiki: Gandhi, akiwa mwanafunzi London, aliisoma Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, kwa mara ya kwanza baada ya kualikwa na wanatheosofia wawili. Kijana wa Kihindi anaonyeshwa hazina ya kwao akiwa ugenini! Na Annie Besant, Mwingereza aliyekuwa rais wa theosofia, aliongoza Congress, chama cha siasa cha India, mwaka 1917.

Ukifika kwenye mafundisho ya Blavatsky kuhusu ngazi za mbari za binadamu, soma kwa tahadhari. Hapo simuungi mkono hata kidogo. Wabaguzi wa Austria na Ujerumani waliyachukua wakayafanya sumu.