"Take" si "chukua" kila mahali

SWALI: Nafasiri makala kutoka Kiingereza. Kila nikikuta "take" naandika "chukua", na mhariri wangu hukata karibu nusu yake. Je, "chukua" ni kosa? Nitajuaje inafaa wapi?

JIBU: "Chukua" ni Kiswahili safi, ila wafasiri tunaibebesha mzigo usio wake. "Take" iliingia katika Kiingereza kutoka lugha ya Wanorse, watu wa kale wa Skandinavia, ikalisukuma kando neno la kale "niman", kisha ikatanda kila upande. Leo mara nyingi kitenzi hicho hakina uzito wake chenyewe: maana yote iko kwenye nomino inayokifuata. Kiswahili hakijengwi hivyo. Sisi humtafutia kila mtendewa kitenzi chake, au tunakuwa na kitenzi kimoja kinachomaliza habari yote.

Ndiyo maana picha hupigwa, mtihani hufanywa, basi hupandwa, joto la mgonjwa hupimwa na kiapo huliwa. Dawa ya maji tunakunywa, kidonge tunameza. Na pale Mwingereza anapohitaji maneno mawili au matatu, sisi tunasema tu oga, keti, pumzika, shiriki, pokezana. Ukiandika "chukua mapumziko" au "chukua sehemu katika mashindano", msomaji atakuelewa, lakini atakuwa anasoma Kiingereza kilichovaa kanzu.

Kosa linaloniuma zaidi ni "mkutano utachukua nafasi Jumamosi". Kwa Kiswahili, anayechukua nafasi ameingia mahali pa mwingine: naibu huchukua nafasi ya mwenyekiti aliyejiuzulu. Sasa mkutano huu umeingia mahali pa nani? Mkutano hufanyika, basi. Jirani yake ni ile ya kwenye hotuba, "nachukua nafasi hii kuwashukuru". Nafasi ya namna hiyo hutumiwa: "natumia nafasi hii kuwashukuru".

Lakini yapo makosa yanayogeuza maana kabisa, na hapo mhariri wako ana haki ya kuwa mkali. Tazama sentensi hii: "Mchukue mtoto shuleni." Aliyeiandika alikuwa anafasiri agizo la asubuhi, mtoto apelekwe shule. Msomaji wa Kiswahili ataelewa kinyume: masomo yamekwisha, nenda ukamtoe mtoto huko umlete. "Chukua" hutazama mahali kitu kinapotoka. Kinapokwenda ni kazi ya "peleka", na kinapomjia msemaji ni kazi ya "leta". Kiingereza hutumia "take" kwa kutoa na kwa kupeleka pia, kwa hiyo mfasiri lazima ajiulize kwanza safari inaelekea wapi. "Mpeleke mtoto shuleni" haina utata wowote. Vivyo hivyo "mchukue mgonjwa hospitali": anaingizwa au anaruhusiwa kutoka?

Barabara nazo hazichukuliwi. Anayeelekeza njia husema "shika njia ya kulia" au "fuata njia ya kulia". Ndege inapoondoka ardhini hupaa, nguo huvuliwa, na mtoto anayefanana na baba yake ameshabihiana naye, hakumchukua popote.

Usije ukaogopa neno lenyewe, kwa sababu lina utajiri wake ambao "take" haiufikii. Asili yake iko karibu na kubeba na kuhimili. Ndiko anakotoka mchukuzi, na ndiko ulikotoka uchukuzi. Gari linachukua abiria wanne, yaani linawatosha. Mwanamke huchukua mimba. Watu wanaovumiliana wanachukuliana, na rangi zinazopatana zinachukuana. Hizi ni maana za kwetu, na ninasikitika kuona wafasiri wanazisahau huku wakilichosha neno kwa kazi za kigeni.

Kuna chache zilizoingia na kukubalika. "Chukua hatua" imekomaa, sioni sababu ya kuipiga vita. "Usichukulie vibaya" pia haina tatizo. "Itachukua saa mbili" nayo imezoeleka hata kwa waandishi wazuri, ingawa mimi nikiweza huandika "ni safari ya saa mbili" au "kazi hii ni ya saa mbili", na mtu akikawia nasema amekawia, sisemi amechukua muda mrefu. Hapo mhariri wako akikata, mnaweza kujadiliana. Kwenye mkutano na mtoto wa shule, mwachie akate.