Ufunguo Haumtambui Anayeushika

Barua tulizopokea kuhusu serikali na mtandao zimezidi nafasi ya safu hii, na nyingi zimeandikwa kwa hasira. Nimechagua tano ambazo wenyewe wanauliza ili wajue. Nimezifupisha na kuondoa majina na mahali.

SWALI: *Nilikuwa askari wa upelelezi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Hakimu akitoa hati, mpelelezi anaingia nyumbani kwa mshukiwa na kufungua hata kabati lililofungwa. Kwa nini ujumbe wa simu uwe na kinga ambayo nyumba haina? Siombi serikali isome barua za kila mtu. Naomba kampuni ziweke njia moja, itunzwe vizuri, na itumike kwa amri ya mahakama tu.*

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Swali lako ni la haki, na wanaolibeza hawajawahi kukaa na mzazi ambaye mtoto wake amepotea. Hati ya hakimu haina tatizo lolote. Tatizo liko kwenye kabati.

Ukivunja kufuli la kabati moja, makabati ya majirani yanabaki yamefungwa. Ujumbe uliosimbwa fiche kutoka simu hadi simu, yaani uliogeuzwa kwa hesabu hadi usisomeke bila ufunguo, hauko hivyo. Funguo zake hutengenezwa ndani ya simu za hao wawili wanaozungumza, na kampuni inayousafirisha ujumbe haina nakala. Ili kampuni iweze kutii amri inayomhusu mtu mmoja, inalazimika kuibadili programu wanayotumia wote, kwa kuwa programu ni ileile moja. Kwa hiyo kabla hakimu hajamtaja mshukiwa wa kwanza, makabati yote yamekwisha kutobolewa tundu. Na tundu halisomi hati. Hesabu inayomfungulia askari mwenye kibali inamfungulia vilevile mwizi aliyeiba ufunguo, jasusi wa nchi nyingine, na mtumishi aliyehongwa.

Mambo haya yamekwisha kutokea. Mwaka 1993 serikali ya Marekani ilitangaza kifaa kilichoitwa Clipper, cha kusimba mazungumzo ya simu huku nakala za funguo zikiwekwa mikononi mwa serikali. Mwaka uliofuata mtafiti Matt Blaze alionyesha kwamba sehemu ya kifaa hicho iliyokusudiwa kuwasaidia wapelelezi ingeweza kupumbazwa, na mpango mzima ukafa. Ugiriki yaliyotokea ni mazito zaidi. Mitambo ya kampuni moja ya simu ilikuwa na uwezo wa kunasa mazungumzo kwa ajili ya vyombo vya dola. Mwaka 2004 watu wasiojulikana waliingia, wakauwasha uwezo huo kimyakimya, na kwa miezi kadhaa mazungumzo ya simu zaidi ya 100, ikiwemo ya Waziri Mkuu Kostas Karamanlis, yakawa yanarudufiwa kwenda kwenye simu nyingine za kulipia kabla. Njia iliyojengwa ili serikali isikilize ndiyo iliyotumika kuisikiliza serikali. Na mwaka 2024 maofisa wa Marekani walieleza kwamba wadukuzi waliohusishwa na China wameingia katika mitandao ya kampuni za simu za nchi hiyo, pamoja na mifumo ya kunasa simu kwa amri ya mahakama, mifumo ambayo kampuni zililazimishwa na sheria ya 1994 kuwa nayo. Desemba ya mwaka huohuo maofisa hao wakawashauri wananchi watumie programu zenye usimbaji fiche, ambao serikali zilikuwa zimeulalamikia kwa miongo mitatu.

Julai 2017, Malcolm Turnbull, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Australia, alikumbushwa na mwandishi wa habari kwamba kanuni za hisabati zinakinzana na sheria aliyokuwa akiitetea, ya kuzitaka kampuni ziwasaidie wapelelezi kuusoma ujumbe uliosimbwa. Alijibu kwamba kanuni za hisabati ni za kusifika sana, lakini sheria inayotumika Australia ni ya Australia. Naamini alikusudia kulinda watu wake. Hata hivyo bunge linaweza kumwamuru mtu, namba haziamriki.

Sitakuficha, mzee: kuna kesi ambazo ushahidi utakosekana kwa sababu ya usimbaji huu. Wapelelezi wanabaki na simu iliyokamatwa, kumbukumbu za nani aliwasiliana na nani na saa ngapi, nakala zilizohifadhiwa kwingine, na mashahidi wenye macho na masikio. Wewe uliyefanya kazi kabla ya simu hizi unaijua thamani ya vitu hivyo kuliko mimi.

SWALI: *Serikali ikiamua kufunga mtandao mmoja wa kijamii, mbona huduma nyingine ambazo hazikutajwa nazo zinakwama?*

JIBU: Kwa sababu huduma nyingi hukaa nyumba moja. Kampuni kubwa za seva, yaani kompyuta zinazohifadhi huduma za mtandao, hupangisha nafasi kwa maelfu ya wateja, na anwani moja ya IP (namba inayoonyesha huduma inapatikana wapi mtandaoni) inaweza kutumiwa leo na huyu, kesho na yule. Aprili 2018 Urusi ilipoamua kuifunga Telegram, programu ya kutumiana ujumbe, programu hiyo ilihamahama kati ya anwani za Amazon na Google, nayo mamlaka ikaifuata kwa kuzifunga anwani hizo, hadi zikapita milioni 15. Maduka na huduma zisizohusika zikazimika, Telegram ikaendelea kupatikana, na Juni 2020 katazo likaondolewa.

Kuna lingine ambalo halisemwi sana. Tarehe 24 Februari 2008, Pakistan iliagiza YouTube ifungwe nchini mwake. Kampuni ya simu ya huko ilitekeleza kwa kutangaza ndani ya mitambo yake kwamba njia ya kwenda YouTube inapitia kwake, ili maombi yote yaishie hapo na kufa. Tangazo hilo likavuja kwenda kwa kampuni ya nje, likasambaa, na kwa takriban saa mbili watu wa mabara mengine nao wakaikosa YouTube. Mitambo ya mtandao huelekezana njia kwa kuaminiana. Haina namna ya kujua kwamba tangazo lilikusudiwa raia wa nchi moja tu.

SWALI: *Mimi ni mtumishi wa umma, cheo cha chini. Nimegundua kwamba ukurasa wa ofisi yetu unaonyesha taarifa binafsi za watu bila nywila yoyote. Nikisema, naogopa kuambiwa mimi ndiye mdukuzi. Nifanye nini?*

JIBU: Hofu yako ina msingi, na nitakueleza kisa cha kweli ili uone kwamba hujatia chumvi.

Oktoba 2021, katika jimbo la Missouri, Marekani, mwandishi wa gazeti la St. Louis Post-Dispatch alikuwa akiutazama ukurasa wa idara ya elimu ambao wananchi huutumia kuhakiki vyeti vya walimu. Kivinjari chochote kina uwezo wa kuonyesha msimbo wa ukurasa: unabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, unachagua, na yale maandishi ambayo seva imekutumia yanajitokeza jinsi yalivyo. Ndani ya maandishi hayo zilikuwamo namba za hifadhi ya jamii za walimu, namba ambazo Mmarekani hutambulishwa nazo na hutakiwa kuzificha. Hakuvunja kitu. Seva ilikuwa ikizituma namba hizo kwa kila aliyeufungua ukurasa. Kivinjari hakikuzionyesha kwenye kioo, basi. Walimu waliokuwa hatarini walikadiriwa kuzidi 100,000. Gazeti likaiarifu idara, likasubiri kasoro irekebishwe, ndipo likachapisha habari. Gavana Mike Parson akaitisha wanahabari, akamwita mwandishi yule mdukuzi, na akaahidi kumfikisha mbele ya sheria. Februari 2022 mwendesha mashtaka aliamua kutofungua kesi.

Kisa hiki kinanigusa, kwa sababu kinaonyesha dhana iliyojificha chini ya makosa mengi ya serikali: kwamba taarifa ni salama maadamu hakuna aliyezitafuta. Aliyezificha vibaya anaonekana hana kosa, na aliyeziona anaonekana mwizi.

Mimi mwenyewe, nilipokuwa fundi wa mifumo, niliwahi kuitwa katika ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Rekodi ya mtu ilikuwa imebadilishwa, na mkuu alitaka kujua nani kaibadilisha. Nikafungua kumbukumbu za mfumo. Mabadiliko yote ya miaka miwili yalikuwa na jina moja tu: “msajili”. Makarani saba walikuwa wakiingia kwa akaunti hiyo moja, na nywila yake ilikuwa imebandikwa kwa gundi chini ya kibodi, karatasi ikiwa imechakaa kwa kupapaswa. Mkuu alinitaka nimtaje mhalifu. Nikamwambia kompyuta yake haijawahi kuwafahamu makarani wake.

Sasa ushauri. Usipakue chochote, usimwonyeshe rafiki, wala usijaribu kuona kama kasoro inafika mbali kiasi gani. Andika tarehe, anwani ya ukurasa na ulichokiona, kisha ripoti kwa maandishi kwa msimamizi wako na kwa kitengo cha mifumo, na ubaki na nakala ya barua (barua, si orodha ya taarifa za watu). Kama nchi yako ina mamlaka ya kulinda taarifa binafsi au timu ya kitaifa ya kushughulikia matukio ya mtandao, ipelekee pia. Kabla ya yote, nakushauri uongee na mwanasheria.

SWALI: *Mwanangu ana miaka 13. Nimesikia kuna nchi zinazowakataza watoto mitandao ya kijamii, na mimi mama yake ningefurahi. Wataalamu mbona mnaipinga?*

JIBU: Dada yangu, si wote tunaoipinga, na wasiwasi wako naushiriki. Australia ilipitisha sheria Novemba 2024, na tangu tarehe 10 Desemba 2025 kampuni zinatakiwa kuchukua hatua za kuzuia walio chini ya miaka 16 wasiwe na akaunti, la sivyo zikabiliwe na faini inayoweza kufika dola milioni 49.5 za nchi hiyo. Kuielekeza adhabu kwa kampuni badala ya mtoto au mzazi ni uamuzi ninaouheshimu.

Ninachoomba kieleweke ni jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Mtandao hauwezi kumjua mtoto bila kumuuliza kila mtu umri wake, mzee na kijana. Kwa hiyo sheria ya watoto inageuka kuwa ukaguzi wa watu wazima wote: picha za nyuso, nakala za vitambulisho, au makisio yanayotokana na mienendo ya mtu. Vitu hivyo vikikusanywa huwekwa mahali, na mahali hapo panakuwa chambo. Oktoba 2025 Discord, mtandao wa mazungumzo, ilieleza kwamba picha za vitambulisho vya takriban watu 70,000 huenda zimevuja kupitia mtoa huduma wake, na picha hizo zilikuwa zimekusanywa kwa ajili ya masuala ya umri. Nywila ikivuja unaibadilisha, uso huubadilishi. Huko Uingereza, ukaguzi wa umri ulipoanza Julai 2025, programu za VPN, zinazoficha mtumiaji yuko nchi gani, zilipanda mara moja juu ya orodha za zinazopakuliwa zaidi, na VPN za bure ambazo kijana anazikimbilia mara nyingi ndizo zinazopeleleza wateja wake.

Ningependa kuona serikali zikisumbuka zaidi na namna mitandao hii inavyoundwa: video zinazojicheza bila kuombwa, arifa za usiku wa manane, algoriti (kanuni za programu zinazochagua cha kumwonyesha mtu) inayomwongezea binti mwenye huzuni mambo ya huzuni. Hayo yanaweza kudhibitiwa bila kuomba kitambulisho cha mtu yeyote. Wakati huo, dada, simu ilale sebuleni.

SWALI: *Nasomea sheria. Je, ujinga huu wa serikali kuhusu mtandao unatokana na umri wa viongozi? Na kuna serikali iliyofanya vizuri?*

JIBU: Mwaka 2018 Yoshitaka Sakurada, waziri wa Japani aliyehusika na usalama wa mtandao, alikiri bungeni kwamba hatumii kompyuta mwenyewe, na dunia ikacheka. Aprili ya mwaka huo seneta wa Marekani Orrin Hatch alikuwa amemuuliza Mark Zuckerberg, mkuu wa Facebook, angewezaje kuendesha biashara ambayo watumiaji hawailipii, na watu wakacheka zaidi. Mimi nililiona swali la Hatch kuwa zuri. Kilichokosekana ni swali la pili. Kila seneta alipewa dakika tano. Zaidi ya hapo, Bunge la Marekani liliwahi kuwa na ofisi yake ya tathmini ya teknolojia, yenye wanasayansi walioliandikia mamia ya ripoti tangu miaka ya 1970, na mwaka 1995 likaikatia fedha. Kijana asiye na washauri wa aina hiyo angeyumba kama mzee.

Aliyefanya vizuri? Itazame Estonia. Mwaka 2017 watafiti waligundua udhaifu katika kitambulisho cha kielektroniki kilichokuwa mikononi mwa watu wapatao 750,000, zaidi ya nusu ya nchi. Serikali ilitangaza yenyewe mwanzoni mwa Septemba, na waliotoa taarifa hawakutishwa. Novemba vyeti vya kielektroniki vyenye kasoro, vilivyomo ndani ya vitambulisho hivyo, vikasitishwa, na wananchi wengi wakavihuisha kwa kompyuta zao nyumbani. Nchi hiyohiyo humwezesha raia kuingia katika tovuti ya serikali na kuona ni chombo gani kimeangalia taarifa zake na lini. Ofisa anayezipekua bila sababu za kikazi anajua kwamba amebaki kwenye kumbukumbu, na kwamba mwenye taarifa anaweza kuziona usiku huohuo.