Maswali na Majibu: Edward Thomas, mshairi wa mashamba aliyeuawa vitani

Maswali ya safari hii yote yanamhusu mtu mmoja: Edward Thomas, mzaliwa wa London mwenye wazazi wa Wales, aliyeandika juu ya mashamba, vichaka na njia za vijijini vya Uingereza, akauawa Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mwaka 1917, akiwa na miaka 39. La kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu ndilo lililobeba mengine yote.

Anaitwa mshairi wa vita, lakini kila nikimsoma sikuti bunduki wala handaki. Vita yenyewe iko wapi? (Mwanafunzi wa fasihi, Dar es Salaam)

Iko katika kazi zilizokosa mtu wa kuzifanya.

Chukua shairi lake la mwaka 1916, "As the Team's Head-Brass". Msimulizi amekaa kwenye matawi ya mti mkubwa ulioangushwa na tufani ya theluji, pembeni mwa shamba. Mkulima analima kwa plau inayokokotwa na farasi. Kila akifika upande huu na kugeuza, wanazungumza dakika moja, kisha anaondoka, na msimulizi anangoja dakika kumi hadi arudi. Basi maongezi yanakuja vipande vipande, kwa mwendo wa farasi. Mti huu utaondolewa lini? Vita ikiisha. Mkulima naye anauliza: wewe umeshakwenda huko? Bado, na mkono ningeweza kuutoa, ila mguu nisingependa kuupoteza. Wameondoka wengi hapa? Ndiyo. Wamekufa wengi? Si haba, mwaka huu ni jozi mbili tu za farasi zinazolima. Halafu mkulima anasema, kwa sauti ile ile aliyozungumzia hali ya hewa, kwamba mwenzake aliuawa siku ya pili tu huko Ufaransa, usiku ule ule wa tufani. Angebaki hapa, wangekuwa wameshauondoa mti huu.

Mti tuliouona kuwa ni kiti cha kupumzikia, kumbe umelala pale kwa sababu mtu mmoja hayupo. Na msimulizi analijua hilo: mwenzako angekuwepo, mimi nisingekaa hapa. Hakuna maiti iliyoonyeshwa, hakuna kilio. Mwanzoni mwa shairi wapenzi wawili waliingia msituni. Mwishoni wanatoka, na plau inaendelea kupindua madongoa. Mimi sijui shairi la vita linalouma kuliko hili, na halipandishi sauti hata mara moja.

Ana mengine mawili ya mistari minne minne tu yanayofanya kazi hiyo hiyo. La Pasaka ya 1915 linaonyesha maua yamejaa msituni jioni kwa kuwa wanaume ambao wangeyachuma na wapenzi wao wako mbali, na hawatayachuma tena. Jingine lina miti ya micheri inayomwaga petali juu ya barabara ya zamani, kana kwamba kuna harusi, asubuhi ya Mei ambayo hakuna wa kuolewa.

Wewe unayeandika kutoka Dar es Salaam unaishi karibu na alama ya vita hiyo hiyo. Jina la Kariakoo limetokana na vikosi vya wapagazi ambao jeshi la Waingereza liliwachukua kubeba mizigo katika mapigano ya Afrika Mashariki. Mashamba yaliyobaki bila watu hayakuwa ya Uingereza peke yake.

Ni kweli aliandika mashairi kwa miaka miwili tu? Kabla ya hapo alikuwa akifanya nini?

Ni kweli. Shairi lake la kwanza la utu uzima ni la Desemba 1914, la mwisho ni la Januari 1917. Katikati yake yapo zaidi ya 140.

Kabla ya hapo aliishi kwa kalamu, na maisha hayo yalimchosha. Alioa mwaka 1899 angali mwanafunzi wa Oxford, watoto wakawa watatu, na kila shilingi ilitokana na uhakiki wa vitabu magazetini au vitabu vya kuagizwa na wachapishaji: Wales, Oxford, wasifu wa waandishi, safari za miguu kusini mwa Uingereza. Aliandika haraka, akachukia haraka hiyo, na huzuni nzito ilimwandama kwa miaka mingi.

Aliyembadilisha ni mshairi wa Kimarekani Robert Frost, ambaye wakati huo aliishi Uingereza na alikuwa hajapata umaarufu. Walikutana mwaka 1913, na mwaka uliofuata walitembea pamoja vijijini karibu na Dymock, Gloucestershire. Frost alikisoma kitabu cha Thomas kuhusu safari yake ya baiskeli kutoka London hadi vilima vya Quantock, akamwonyesha aya zilizokuwa mashairi tayari, zimekosa mistari tu. Thomas alikuwa na miaka 36. Jinsi alivyotii ushauri huo inanigusa hadi leo, kwani alikuwa mhakiki aliyeheshimika ambaye kwa miaka alipima mashairi ya wengine. Alipoanza kutuma yake kwa wahariri alijiita Edward Eastaway ili yasipokelewe kwa ajili ya jina lake. Mengi yalirudishwa.

Shikamoo mwalimu. Shairi la "Adlestrop" linasifiwa sana, lakini mimi naona treni imesimama, basi. Kuna nini zaidi?

Marahaba. Umelisoma sawasawa: treni ya haraka inasimama kwenye stesheni ndogo isiyotarajiwa, mvuke unatoa sauti, mtu mmoja anakohoa kusafisha koo, hakuna anayeshuka wala anayepanda. Msimulizi anaona jina la stesheni, ndilo Adlestrop, na majani, mafungu ya nyasi kavu. Kisha ndege mmoja anaimba, na nyuma yake, mbali zaidi na zaidi, ndege wote wa Oxfordshire na Gloucestershire. Sikiliza namna masikio yanavyopanuka kutoka kikohozi kimoja hadi mikoa miwili mizima.

Ongeza tarehe. Safari hiyo ilikuwa tarehe 24 Juni 1914. Siku nne baadaye mrithi wa kiti cha enzi cha Austria aliuawa Sarajevo, kisa kilichowasha vita, na tarehe 4 Agosti Uingereza ikaingia vitani. Thomas alilitunga shairi Januari 1915, wakati treni za nchi hiyo zilikuwa zikibeba askari. Vita haikutajwa hata kwa herufi moja, ila anayekumbuka ameshaingia katika wakati mwingine.

Kwa nini baba wa watoto watatu, mwenye miaka 37, alijitolea kwenda jeshini?

Hakulazimishwa. Alijiandikisha Julai 1915, kabla sheria ya kuandikisha watu kwa lazima haijapitishwa, na Frost alikuwa amemkaribisha Marekani. Chuki haikumsukuma: baada ya kubishana na baba yake alitunga shairi akisema kwamba hawachukii Wajerumani, wala hawaki kwa mapenzi ya Waingereza ili kuyafurahisha magazeti. Rafiki yake Eleanor Farjeon alimuuliza anapigania nini. Aliinama, akaokota udongo kidogo, akausaga kwa vidole na kujibu kwamba anapigania huo hasa. Jibu hilo naliamini, kwa sababu vitabu vyake vyote vya nyuma vinalithibitisha.

Angeweza kubaki salama akifundisha usomaji wa ramani kambini Essex. Akachagua kikosi cha mizinga, akafika Ufaransa mwishoni mwa Januari 1917, na akauawa Arras Jumatatu ya Pasaka, tarehe 9 Aprili, siku ya kwanza ya mapigano makubwa. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba mshindo wa kombora ulimuua bila kumwachia jeraha. Barua ya mkuu wa kikosi chake iliyojulikana baadaye ilisema alipigwa kifuani. Amezikwa Agny, karibu na hapo.

Nimesikia kuwa shairi la Frost la njia mbili msituni ndilo lililompeleka vitani.

Frost alilitunga akimtania Thomas, ambaye kila walipotembea alijutia njia waliyoiacha. Thomas alipotumiwa hakuuona utani huo, na muda mfupi baadaye akajiandikisha. Lakini alikuwa akilipima jambo hilo tangu vita ianze. Kulibebesha shairi moja uamuzi wake ni kumpunguzia utu.

Sisi tumelelewa na mizani na vina. Je, mashairi yake si guni? (Malenga wa Tanga)

Kwa kanuni zetu yangekuwa guni, yaani mashairi yasiyotimiza mizani na vina, ndugu yangu, na siwezi kukuficha. Lile la mkulima halina vina kabisa. Mengine yanavyo, lakini sentensi inapita mwisho wa mstari na kusimama katikati ya mwingine, hata kina hukisikii mpaka kimeshapita. Anafuata pumzi ya mtu anayezungumza huku akitembea. Msome kwa sauti, polepole, bila kutua mwishoni mwa kila mshororo. Masikio ya malenga yatakuta urari wake wenyewe.

Nianzie wapi?

Anza na yale mawili ya mistari minne, kisha Adlestrop, kisha la mkulima. Baada ya hapo soma la bundi, "The Owl": msafiri mwenye njaa na baridi amepata chakula na kitanda, ndipo anasikia bundi akilia na kuwakumbuka askari na maskini waliolala nje. Bundi huyu si wa uchuro kama wetu. Kilio chake kinaitia shibe ya msafiri ladha kali ya chumvi. Shairi la "Lob" liache kwa sasa, ni refu na limejaa majina ya vijiji. Diwani yake ya kwanza kamili ilitoka 1917 akiwa ameshakufa, ikiwa imetabarukiwa kwa Frost. Mashairi yote hayabanwi tena na hakimiliki, kwa hiyo utayapata bure kwa Kiingereza.